Wasomaji Wanauliza: Kuhesabu Ndege wa Maji na Kujua Kama Viota Vyao Vinafaulu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ndege wa ardhioevu: mabwawa, mafunjo, majaruba ya mpunga na kingo za maziwa. Zilizofanana tumeziunganisha. Majibu ni marefu pale ambapo makosa ni mengi.

Ndugu Mhariri, kikundi chetu kiko karibu na Ziwa Ol Bolossat, Nyandarua. Kila Januari tunahesabu korongo wenye taji na idadi haishuki sana. Mbona wataalamu wanaendelea kusema ndege huyu anaisha? Je, hesabu yetu ina kasoro?
*Mwanakikundi, Ol Kalou*

Hesabu yenu inaweza kuwa safi kabisa, ila inajibu swali lingine. Korongo huyu, ambaye ndiye ndege wa taifa la Uganda, huishi miaka 20 na zaidi. Jozi moja inaweza kupoteza mayai miaka mitano mfululizo na bado mkawakuta wawili wale wale kila Januari, wamesimama kwenye tope lile lile. Idadi haiteremki, lakini hakuna anayeingia kuchukua nafasi ya wazee. Ndege huyu yumo katika orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) ya walio hatarini kutoweka tangu 2012, ingawa pengine bado anaonekana kwa makumi.

Jambo la pili: hesabu ya Januari, inayoratibiwa barani Afrika na shirika la Wetlands International, iliwekwa mwezi huo kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Asia wako huku. Kwa bata na vitwitwi wanaohama, wakati huo unafaa. Kwa mkazi anayetaga kufuatana na maji ya mahali pake, hiyo ni siku moja tu kati ya 365. Msiiache, iongezeeni.

Badala ya kuandika "korongo 34", andikeni walivyokuwa: jozi peke yake, jozi yenye watoto, au kundi. Familia iandikwe 2+1 au 2+2, wazazi kwanza. Mtoto wa mwaka huo anatambulika kwa darubini ya kawaida ya 8x42: kichwa na shingo vina ukahawia, taji ni fupi na bado halijawa la dhahabu, na shavu halijawa jeupe. Mtu mzima ana shavu jeupe lenye kipande chekundu juu yake, na kishaufu chekundu chini ya kidevu. Msimtambue kwa kimo. Akishaweza kuruka, mtoto huwa amekaribia urefu wa wazazi wake, na hapo ndipo wengi wanapomhesabu kama mkubwa.

Angalieni pia mnahesabia wapi. Makundi makubwa yana vijana wasio na wenza na jozi zilizokwisha kupoteza mayai. Wenye viota hubaki kwenye maeneo yao, hawaji kundini. Mkihesabu kundi peke yake mtapata watoto karibu na sifuri na kudhani hali ni mbaya kuliko ilivyo. Mkihesabu mabwawa ya viota peke yake mtakosea upande wa pili. Fanyeni yote mawili ndani ya siku hizo hizo: alfajiri mabwawani, na jioni kuanzia saa 11 kwenye miti wanakolala, kwa maana korongo huyu hulala mitini.

Sisi ni vijana wanne tunaofuatilia viota vya korongo hao hao. Msimu uliopita viota vitatu viliharibiwa, viwili kati yake siku moja baada ya sisi kupita. Je, ni sisi tuliovitia balaa?
*Msomaji, Bukoba*

Inawezekana sana. Mtu akiingia kwenye matete huacha vitu vitatu: njia ya majani yaliyolala, harufu, na mzazi aliyeondoka juu ya mayai. Mbwa hufuata viwili vya kwanza. Kunguru na mwewe husubiri hicho cha tatu.

Kosa kubwa ni kwenda hadi kiotani na kurudi kwa njia ile ile. Njia inayoishia kiotani ni sawa na kumwonyesha mbwa kwa kidole. Piteni kando ya kiota kwa hatua chache, mtupe jicho bila kusimama sana, mwendelee mbele na kutokea upande mwingine. Aingie mmoja, si wanne. Wengine wabaki ukingoni wakitazama kama kuna kunguru anayewafuata. Akiwapo, ziara hiyo iahirishwe.

Kitambaa chekundu juu ya kiota ni marufuku. Chukueni pointi ya GPS (ya simu huweza kukosea mita 5 hadi 10) halafu chomekeni kijiti cha rangi ya mimea yenyewe hatua 10 kutoka kiotani, siku zote upande mmoja, tuseme kaskazini. Upande huo uandikwe daftarini kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutiririka ukilowa.

Muda wa kukaa ni dakika mbili, tatu zikizidi. Msiende kukiwa na mvua, wala katikati ya mchana: mayai yaliyoachwa wazi juani huharibika upesi kwa joto, mara nyingi kabla hata mzazi hajapata ujasiri wa kurudi. Siku za kutaga, kabla hajaanza kuatamia kwa dhati, msikaribie kabisa, kwa kuwa wakati huo jozi huhama kwa sababu ndogo.

Na kwa korongo hasa, mara nyingi hakuna haja ya kuingia. Kiota chake ni jukwaa la nyasi na matete yaliyokanyagwa, na mzazi anayeatamia huinua kichwa kila baada ya muda. Tafuteni mwinuko, simamisheni darubini kubwa ya miguu mitatu mita 300 hivi, mngoje. Kuatamia ni siku 28 hadi 31, na mayai ni mawili au matatu. Ziara za kuingia ziwe mbili: ya kwanza kuhesabu mayai, ya pili baada ya kiota kuachwa, ili kusoma alama zilizobaki. Katika ziara hiyo ya pili ndipo mpime bila haraka: kimo cha mimea, kina cha maji kwenye pande nne za kiota, umbali hadi ukingo mkavu, na umbali hadi njia ya ng'ombe. Kina cha maji kina uzito kuliko vyote. Bwawa likichimbiwa mfereji, maji yakashuka chini ya kifundo cha mguu, mbwa na mifugo hufika. Mvua kubwa ikija ghafla, kiota huzama. Pasipo kipimo cha maji hamtajua ni kipi kati ya hayo mawili kilichotokea.

Kugusa mayai ni utafiti na kunahitaji kibali. Kwa Tanzania kibali hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kwa Kenya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na mamlaka za wanyamapori. Ofisi ya kijiji nayo ijulishwe mapema, hata kwa kazi ya kutazama kwa mbali.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Klabu yetu ya mazingira imefuatilia viota 20 vya yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi (kwa Kiingereza jacana). Viota 12 vilitotoa, 8 vikapotea. Tuandike kwamba mafanikio ni asilimia 60?
*Mwalimu, Ahero*

Msiandike hivyo, Mwalimu. Kugawanya kwenu ni sahihi, ila kuna viota ambavyo havimo kwenye hesabu. Kiota kilicholiwa siku ya pili hakikuwasubiri mkione. Kile kilichodumu wiki tatu kilikuwa na nafasi nyingi za kuonekana. Kwa hiyo orodha yenu imejaa viota vyenye bahati, na asilimia 60 imepanda kwa sababu hiyo tu.

Dawa yake ilipendekezwa mwaka 1961 na Harold Mayfield wa Marekani, ambaye alikuwa mpenzi wa ndege tu, si mwajiriwa wa chuo. Yeye alisema: msihesabu viota, hesabuni siku ambazo kila kiota kilikuwa chini ya macho yenu. Kiota kilichoonekana kikiwa na siku 15 na kikatotoa siku ya 24 kimechangia siku 9, si 24.

Kwa kila kiota andikeni tarehe kilipoonekana, tarehe ya kila ziara, na hali yake. Kiota kikiwa hai tarehe 3, hai tarehe 7, na kimeharibika tarehe 11, hamjui kiliharibika lini kati ya 7 na 11. Chukueni nusu ya siku hizo. Hapo kinachangia 4 + 2, yaani siku 6. Kilichototoa huhesabiwa hadi siku ya kutotoa. Ambacho hatima yake haijulikani huhesabiwa hadi siku ya mwisho mlipokiona hai, kisha mnakiacha. Ziara zikiachana zaidi ya wiki mbili, nusu inakuwa nyingi mno, kwa sababu viota vingi huanguka mapema katika kipindi hicho. Watafiti hutumia asilimia 40 badala ya 50. Ni bora kutembelea kila siku 3 au 4.

Sasa tuseme viota vyenu 20 vimetoa jumla ya siku 200. Vilivyoharibika ni 8. Gawanyeni 8 kwa 200, mnapata 0.04: hiyo ni hatari ya siku moja. Uhai wa siku moja ni 1 toa 0.04, yaani 0.96. Ndege huyu huatamia siku 22 hadi 26, tuchukue 24. Kwenye simu fungueni kikokotoo cha kisayansi, mwandike 0.96 kwa kipeo cha 24. Jibu ni 0.375. Mafanikio ni asilimia 38 hivi, si 60. Mkiongeza siku 4 za kutaga mayai manne, kipeo kikawa 28, yanashuka hadi asilimia 32.

Msisimame hapo. Viota 20 ni vichache, na wanafunzi waone uchache huo kwa namba. Zidisheni 0.96 kwa 0.04, mgawanye kwa 200, mtafute kipeuo cha pili cha jibu: 0.0139. Zidisheni kwa 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95), mnapata 0.027. Uhai wa siku moja basi uko kati ya 0.933 na 0.987, na ukiinuliwa kwa kipeo cha 24, mafanikio yako mahali fulani kati ya asilimia 19 na 73. Huo ni upana wa kutisha, lakini ndio ukweli wa viota 20. Anayewaletea asilimia moja iliyonyooka kutoka viota 10, msimwamini. Mkifika viota 50 na zaidi, programu ya bure iitwayo MARK itawaruhusu kulinganisha, kwa mfano, viota vya majaruba na vya bwawani.

Njia hii inadhani hatari ni ile ile kila siku. Mara nyingi sivyo. Kama data inatosha, fanyeni hesabu mbili: siku za kutaga peke yake na siku za kuatamia peke yake, kisha mzidishe majibu.

Kuhusu neno "kupotea", hapo klabu yenu iangalie upya daftari. Kiota kitupu si lazima kiwe kimeliwa. Ndege wa aina hii huzaa makinda wenye manyoya, wanaotembea na kuondoka mapema, na ndege wengi wa jinsi hiyo hubeba maganda na kuyatupa mbali. Kwa hiyo msitarajie maganda, tafuteni baba. Dume ndiye anayeatamia na kulea, jike ana madume wengine. Mkimwona dume amesimama ameinama, mabawa yamebana mwili, na chini ya bawa inaning'inia miguu mirefu isiyo yake, makinda yako humo ndani, na kiota hicho kimefaulu. Mpeni kila "kiota kilichopotea" nusu saa ya kutazamwa kwa mbali kabla hamjakiandika hivyo.

Kwa ndege wanaoacha maganda, kama bata, alama husomeka hivi. Vipande vidogo vidogo vya ganda chini ya matandiko, pamoja na utando mkavu uliojitenga, ni dalili ya kutotoa. Maganda makubwa yenye ute au kiini, na kiota kimevurugwa, ni kazi ya nguchiro, mbwa au mnyama mwingine. Mayai yametoweka na kiota kimetulia kama kilivyokuwa: nyoka, kenge, au mtu. Mayai yapo, yana baridi na umande asubuhi: kimetelekezwa. Alama hizi hudanganya, maana mwizi wa pili hupitia mabaki ya wa kwanza, kwa hiyo pasipo uhakika andikeni "haijulikani". Hakuna aibu yoyote katika neno hilo.

Nitajuaje mayai yameatamiwa siku ngapi kama nimekikuta kiota katikati ya msimu?
*Mwanafunzi wa chuo, Morogoro*

Tumia maji. Yai likiatamiwa hupoteza maji kupitia ganda, na chumba cha hewa upande mnene hukua; kadiri siku zinavyokwenda ndivyo yai linavyoelea zaidi.

Chukua chombo cha plastiki kinachopenya mwanga na maji safi ya uvuguvugu. Mikono iwe haina mafuta wala dawa ya mbu, kwa sababu ganda hupumua. Teremsha yai taratibu kwa kijiko, usiliachie. Yai bichi hulala kifudifudi chini. Baada ya siku chache upande mnene huinuka kidogo, likawa mshazari. Likikaribia nusu ya safari husimama wima likigusa chini. Baada ya hapo huelea, duara dogo likitokeza juu ya maji, na duara hilo hukua. Soma ndani ya sekunde kumi, lipanguse, lirudishe lilivyokuwa. Pima mayai mawili kwa kila kiota, kwani la kwanza na la mwisho kutagwa hutofautiana.

Yai lenye ufa au tundu la kinda anayejitoboa lisiguse maji hata kidogo. Atazama ndani ya ganda lake. Mayai madogo ya mnana na ndege wa ukubwa huo nayo usiyatie majini, ganda lake ni jembamba mno. Hayo yatazame kwa mwanga: kipande cha bomba jeusi la mpira, yai upande mmoja, jicho upande wa pili, ukielekea jua. Mishipa myekundu huonekana mapema, na baadaye giza linajaa.

Mtego mmoja: yai viza nalo huelea. Kama mayai yote ya kiota yanaelea juu sana na mzazi bado anakalia kupita siku za aina yake, usihesabu siku hizo za ziada.

Humu ndani ya mafunjo kuna ndege wengi tunawasikia tu. Watu wa mradi walikuja na mtumbwi, wakapita pembeni, wakaandika. Je, hiyo ni hesabu?
*Mvuvi, Dunga, Kisumu*

Ni hesabu ya pembeni, mzee, na mafunjo ya pembeni si sawa na ya ndani. Wanaokaa ndani huhesabiwa kwa sikio.

Kazi ianze nusu saa kabla ya jua kuchomoza na iishe saa mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kugonganisha vichwa vya mafunjo. Vituo viachane mita 200, vingine vikiwa kwenye njia za maji zinazoingia ndani. Mkifika, zimeni injini kabla, mngoje dakika mbili kimya, kisha sikilizeni dakika tano. Kila sauti iandikwe na umbali wake kwa makundi: chini ya mita 25, 25 hadi 50, zaidi ya 50. Kisio la umbali kwa sikio ni baya kuliko watu wanavyodhani. Jizoezeni kwa mwenzenu aliyejificha na simu inayopiga sauti, kwa umbali uliopimwa kwa kamba.

Yule wa mafunjo mwenye utosi wa njano, mgongo mweusi na kifua chekundu kama damu (*Laniarius mufumbiri*) ndiye huwapotosha wageni. Dume na jike huimba kwa kupokezana, na sauti zao huungana kiasi kwamba mgeni huandika ndege wawili wa kiume au wimbo mmoja wa ndege mmoja. Andikeni "jozi 1" mkisikia majibizano kutoka sehemu moja.

Kwa kukuziwa na jamaa zake wanaojificha kabisa, spika hutumika. Utaratibu uliozoeleka Marekani ni dakika tano za kimya, kisha dakika moja kwa kila aina: sekunde 30 za sauti, sekunde 30 za kusikiliza. Hapo vituo viachane mita 400, la sivyo ndege yule yule atajibu mara mbili. Msirudie kucheza sauti kwa raha. Ndege anayeijibu spika ameacha mayai.

Na andikeni mafunjo yenyewe: yamekatwa lini, yamechomwa au la, na kimo chake leo. Sehemu iliyokatwa huchukua miezi kadhaa kurudi kuwa msitu, na bila taarifa hiyo mtadhani ndege wamekufa kumbe wamehamia upande wa pili wa ghuba.

Huku kwetu kuna mnana wa Kilombero. Kundi moja lina viota 60. Hiyo ni jozi 60?
*Msomaji, Ifakara*

Hapana. Dume wa mnana hufuma kiota kizima, hukitangaza kwa kuning'inia na kupiga mabawa, na jike akikikataa huanza kingine. Ndege wenu huyu, *Ploceus burnieri*, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1990 tu na anayepatikana bonde la Kilombero peke yake, asihesabiwe kwa vifuko vya nyasi.

Viota vya kahawia vingi ni vya zamani. Vya kijani ni vipya, lakini upya pekee hautoshi. Kaeni saa moja kwenye mtumbwi, mhesabu viota ambavyo jike anaingia na majani laini mdomoni, kwa kuwa hutandika ndani akishakubali, na baadaye vile anavyoingia na wadudu. Hivyo ndivyo viota vyenye kazi. Kuona ndani, tumieni kamera nyembamba ya waya inayounganishwa na simu, mkiifunga kwenye fito, kwa sababu kioo hakipindi kuingia kwenye mlango unaotazama chini. Msivute tete kulileta karibu. Likivunjika, kiota kitagusa maji siku ya pili.

Ziara ziwe kila siku 2 au 3, maana mnana kwa kawaida humaliza kuatamia ndani ya wiki mbili. Makinda wakishaota manyoya yote, acheni kuingiza kamera: wataruka kabla ya siku zao na kuanguka majini. Mkiona yai moja lisilofanana na mengine, au kinda mmoja mkubwa peke yake, huenda ni wa kekeo wa kijani aitwaye dideriki, ambaye hutaga katika viota vya mnana. Kiota hicho kwa mnana kimeshindwa, hata kama kinda ameruka salama.

Naongoza watalii Nakuru na Elmenteita. Nahesabuje maelfu ya mwari na ndege wengine kwa wakati mmoja?
*Mwongozaji, Naivasha*

Hesabu 10 mmoja mmoja, uone nafasi wanayochukua, jenga hapo picha ya 100, kisha pitisha kipimo hicho juu ya kundi. Jua liwe mgongoni. Watu wawili wahesabu bila kuambiana, na wakitofautiana sana warudie. Karibu kila anayeanza huhesabu pungufu, hasa pale ndege walipobanana. Piga picha za kundi zinazopishana, uzihesabu usiku kwenye kompyuta, ujue makosa yako yanaelekea wapi.

Kwa mwari weupe kuna tatizo la pekee: hutaga kwenye visiwa vya mawe vya Elmenteita, ziwa lisilo na samaki wa kuwatosha, na huruka kwenda kuvua Nakuru. Ukihesabu Nakuru Jumamosi na Elmenteita Jumapili umewahesabu wengine mara mbili. Maziwa yote mawili yahesabiwe asubuhi ile ile, saa ile ile. Kuhusu drone, kibali cha mamlaka ya anga na cha hifadhi si hiari, na juu ya visiwa vya viota usiirushe bila mtaalamu: mwari wakiinuka pamoja, shakwe na korongo mfukoshingo huingia kwenye mayai dakika hiyo hiyo.

Mbona heroe wadogo wa Nakuru hatuwaoni na mayai?
*Mwanafunzi, Nakuru*

Kwa sababu wamekuja kula, si kuzaa. Afrika Mashariki hutaga kwa kutegemewa mahali pamoja, Ziwa Natron upande wa Tanzania, kwenye vichuguu vya tope katikati ya magadi ambako mnyama wa miguu hafiki kirahisi. Yai ni moja, siku 28. Kiwango cha maji ndicho huamua: yakiwa mengi vichuguu huzama, yakikauka fisi na mbweha hupata njia. Mwaka 1962 Natron ilifurika, ndege wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya, na huko chumvi iliganda kwenye miguu ya makinda kama pingu. Watu waliingia ziwani kuwavunjia, wakaokoa maelfu.

Kwa mwanafunzi kuna kipimo rahisi. Makinda hutoka Natron wakiwa wa kijivu, na hubaki na ukijivu huo muda mrefu kabla ya kugeuka waridi. Simama ukingoni, chagua ndege 100 mfululizo bila kuruka hata mmoja, andika wangapi ni wa kijivu. Rudia sehemu tano za ziwa, si mahali pamoja, kwa sababu vijana hupenda kukaa pamoja kwenye kingo za kundi. Fanya hivyo kila mwezi. Ukijivu ukiongezeka ghafla mwezi fulani, Natron ilitotoa miezi kadhaa iliyopita.